Fundi Mapazia Athibitisha Taarifa Zake

Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, fundi mapazia alipanda ngazi hadi ghorofa ya pili ya hoteli akiwa na cheti chake cha namba ya mlipakodi ndani ya bahasha ya kaki. Alikuwa ameshona mapazia ya vyumba arobaini na viwili, kila dirisha pazia jepesi na pazia zito, na yote yalikuwa yameshatundikwa. Wageni walikuwa wakiyafungua na kuyafunga tangu wiki iliyopita. Kilichobaki ni fomu.

Mhasibu wa hoteli alikuwa msichana mpole aliyejitupia sweta mabegani kwa sababu ya kiyoyozi. Alimvutia kiti.

"Karibu, mama. Pole na ngazi."

"Nimeshapoa, mwanangu. Magoti ndiyo bado yako ghorofa ya kwanza."

Mhasibu alicheka, akamsogezea fomu. Hoteli haikumlipa mtu yeyote bila fomu hiyo: jina kama lilivyo kwenye cheti, namba ya mlipakodi, anwani, tarehe ya kuzaliwa, saini. Fundi alivaa miwani, akaandika polepole kwa herufi kubwa. Alipofika kwenye mwaka wa kuzaliwa aliandika 1967, kwa kuwa ndio mwaka aliozaliwa.

Mhasibu alilinganisha fomu na cheti.

"Mama, cheti kinasema 1997."

Fundi alikitazama. Cheti kilikuwa kimekaa kabatini miaka miwili bila kusomwa, maana yeye alihitaji namba tu.

"Wameandika tisa mahali pa sita," alisema. "Mimi nina mtoto wa tisini na tatu."

"Nakuelewa kabisa, mama. Lakini mfumo wetu unauliza mfumo wa kodi. Zisipofanana, unakurudisha. Juzi fundi bomba karudishwa kwa ajili ya nukta."

"Na nikienda kurekebisha kwanza?"

"Miezi mitatu, minne. Wapo wanaongoja tangu mwaka juzi."

Fundi alimfikiria binti yake, aliyekuwa na mimba ya miezi minane na amekuja kukaa kwake mpaka ajifungue. Malipo ya hoteli ndiyo yangemnunulia mtoto kitanda na kila kitu kilichoandikwa kwenye orodha ya hospitali. Akapiga moyo konde, akakata sitini na saba, akaandika tisini na saba. Chini kabisa palikuwa na sentensi moja: Nathibitisha kwamba taarifa zote hapo juu ni za kweli. Akatia saini.

Alipoinua kalamu, meno mawili ya juu aliyong'olewa zamani yalikuwa yamerudi. Miwani ilimletea ukungu, akaivua. Mikono iliyokuwa juu ya meza haikuwa na mshipa hata mmoja uliotokeza, na gauni lilimpwaya kiunoni. Mhasibu alizisoma tarakimu mara ya pili, akapiga muhuri, akabana karatasi.

"Sasa imekaa sawa. Malipo yataingia Ijumaa. Asante sana, dada."

Ngazi alizishuka mbilimbili.

Nyumbani alikuta mambo mengine yameshajipanga kufuata cheti. Katika picha ya harusi pale sebuleni, marehemu mumewe alikuwa amesimama peke yake, amekunja kiwiko kama anayengoja mtu apitishe mkono. Michirizi aliyoachiwa na mimba haikuwepo tumboni. Fundi aliketi kwenye cherehani, akapitisha uzi kwenye tundu la sindano mara ya kwanza bila kuulamba, na kwa muda wa robo saa hivi alifurahi.

Binti yake, ambaye alikuwa mwalimu wa hesabu, alitoka bafuni amejifunga taulo.

"Mama, kitovu changu hakipo."

Fundi aliinama kutazama. Tumbo la miezi minane lilikuwa la duara na laini kama boga, bila alama yoyote.

"Panauma?"

"Hapaumi. Hakipo tu." Kisha binti akamtazama usoni. "Mama, umezaliwa mwaka gani?"

"Tisini na saba. Tangu saa nne."

Binti alipiga hesabu. Haikumchukua muda.

"Basi nakuzidi miaka minne."

"Ndivyo wanavyosema hotelini."

"Na sasa nani amwamkie nani?"

"Uniamkie wewe. Wamenipunguzia miaka, hawajakupunguzia adabu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, kavae, usije ukashikwa na baridi."

Mtaani watu walizoea ndani ya siku mbili. Muuza duka, aliyekuwa akimwamkia kila asubuhi, sasa alinyamaza kungoja aamkiwe, na fundi alimwamkia, kwa kuwa kijana yule alizaliwa tisini na tano. Fundi viatu wa kwenye kona alimwuliza kama ana mtu. Ijumaa malipo yaliingia kama yalivyoahidiwa, na kitanda cha mtoto kikanunuliwa.

Wiki iliyofuata walikwenda kliniki pamoja. Muuguzi alimpima binti, akaandika kwenye kadi: Mtoto anacheza vizuri. Kitovu cha mama, hakuna. Kisha akawaeleza utaratibu. Siku ya kujifungua, mjamzito huingia na mtu mmoja tu, naye ni mama yake mzazi. Waume, dada, wadogo na marafiki hungoja nje, maana wodi ni ndogo.

"Mama yangu ndiye huyu," binti alisema.

Muuguzi aliomba vitambulisho. Cha fundi nacho kilikuwa kimebadilika tangu ile Jumanne, mwaka na picha.

"Huyu ni mdogo wako," muuguzi alisema bila ubaya wowote, akawarudishia.

Walipofika kwenye taa za barabarani binti alisimama.

"Mimi siwezi kuingia mle peke yangu, mama."

"Nani kasema utakuwa peke yako?" fundi alijibu. Alisema hivyo kwa sauti kavu, lakini wakati wa kuvuka barabara alimshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu binti akiwa darasa la pili.

Kesho yake walikwenda ofisi ya kodi. Karani aliyewapokea alikuwa na kalamu tatu mfukoni na uso wa mtu asiyependa kumuudhi mtu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kosa ni letu, sikatai," alisema. "Tunalirekebisha kwa cheti cha kuzaliwa, au kwa kiapo cha ndugu yako mkubwa."

Fundi alizaliwa nyumbani, hakuandikiwa cheti, na wakubwa wake wote walikuwa wameshatangulia mbele ya haki.

"Mimi ni mkubwa wake," binti alisema. "Kwa miaka minne."

Karani alichangamka. Akatoa karatasi. "Vizuri sana. Je, mwaka sitini na saba ulikuwepo?"

Binti alikuwa mwalimu, na uongo haukumjia kwa urahisi.

"Sikuwepo."

"Tisini na saba?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa naye. Alikuwa akinipeleka chekechea, ananifunga kamba za viatu."

Karani aliandika: Shahidi alikuwepo mwaka 1997, na alikuwa naye. Akaisoma, akasikitika.

"Hii inathibitisha cheti, dada zangu. Halafu, huyu ameshatia saini hotelini. Sisi tuna kosa tu, yeye ana saini. Saini ni nzito kuliko kosa. Waombeni hoteli waifute fomu kwanza."

Hotelini, mhasibu aliwapa maji ya baridi na kiti cha ziada kwa ajili ya mjamzito. Alifungua faili, akalifunga.

"Siwezi, dada. Nikiifuta fomu, mapazia yale yatakuwa hayajashonwa na mtu. Na wageni wamo vyumbani."

Fundi aliona kwamba msichana yule anasema kweli. Alimshukuru, wakaondoka. Wakati wa kutoka aligusa pazia la ukumbini, akaona upindo mmoja umeachia, akaurudishia kwa sindano aliyokuwa nayo kwenye mkoba.

Uchungu ulimshika binti Jumatatu alfajiri. Saa moja walikuwa hospitali. Mlinzi wa mlango wa wodi ya wazazi, mzee mwenye redio ndogo, alitazama vitambulisho, akamfungulia binti, akamzuia fundi kwa kiganja.

"Mimi ndiye niliyemzaa, baba."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, binti yangu," mlinzi alimwambia kwa upole. "Wewe bado. Siku yako itafika. Kaa pale kivulini."

Pale kivulini palikuwa na benchi, na juu ya benchi palikuwa na dirisha la wodi, ambalo halikuwa na pazia. Fundi alikaa. Saa nne alisikia sauti ya binti yake.

"Mama!"

"Nipo!" fundi alijibu.

"Mama, siwezi!"

"Unaweza! Na mimi nilisema hivyohivyo, na wewe ukatoka. Pumua. Usisukume mpaka wakuambie."

Mwanamke mwingine mle ndani, ambaye hakuwa na mtu, alisikia kwamba kuna anayejibu, akaita naye. Fundi akaitika. Kisha wa tatu, aliyekuwa kitanda cha mwisho. Muuguzi alitoa kichwa dirishani.

"Dada, unafanya nini hapo?"

"Naitika."

Muuguzi alifikiri. Utaratibu ulikataza kuingia. Kuitika hakukuandikwa popote. Akaliacha dirisha wazi, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wametulia zaidi.

Saa saba na dakika arobaini mtoto alilia. Muuguzi alirudi dirishani.

"Wa kike. Kilo tatu na robo. Ana kitovu."

"Na mama yake?"

"Mzima. Anakuulizia."

"Niingie?"

"Ndugu wanaingia saa kumi, dada."

Saa kumi kasorobo watu walianza kupanga mstari. Mlinzi aliwapanga kama ilivyokuwa kawaida, waume mbele, wakubwa wakafuata, wadogo nyuma. Fundi alisimama na wadogo, kati ya mwanafunzi mwenye begi na msichana aliyekuwa akila karanga. Lango lilipofunguliwa, mstari ulisogea hatua tano, sita. Ndipo sauti ya yule wa kitanda cha mwisho ilipoita tena mama, naye fundi akamwomba msichana wa karanga amshikie nafasi, akarudi dirishani kumwitikia.