Jina Zito

Mwaka wa kumi na moja huu niko kwenye meza ya mapokezi ya Daktari Ginem, nyuma ya soko la Parakan, na kazi yangu kubwa ni kugombana na watu kwa upole. Wanakuja na watoto wa siku tatu, wa siku kumi, wamefunikwa mpaka puani, nami nawauliza swali lilelile: ameshaandikishwa bima? Mtoto akiandikishwa kabla ya siku ya ishirini na nane, anaingia kwa mgongo wa mama yake. Ukichelewa, unapanga foleni ya watu wazima, na foleni hiyo haimwonei mtu huruma.

Siku hiyo, msimu wa kuanika tumbaku, aliingia Yekti, mama kijana wa miaka ishirini na miwili, na mtoto wake wa kwanza. Nyuma yake alikuja mama yake, Bibi Satinem, ananukia tumbaku mbichi, mkono mmoja kiunoni kama aliyeficha kitu. Mtoto alikuwa na siku ishirini na sita, na alikuwa wa manjano mpaka machoni.

"Jina la mtoto?" nikauliza.

"Satria Mahkota Jagad Wisesa," Yekti akajibu kwa sauti ndogo.

Shujaa, taji, ulimwengu na mamlaka, vyote vimepandishwa juu ya kilo tatu na robo. Baba yake alilichagua kwa simu, akiwa kwenye mashamba ya michikichi huko Kalimantan.

"Usiliandike!" Bibi akadakia. "Hilo ndilo linalommaliza. Mtoto shingo haijakaza, mnambebesha ulimwengu! Unadhani manjano haya yametoka wapi?"

"Labda kwenye ini, Bibi."

"Ini! Ini linajua nini?"

Niliwaingiza kwa daktari, nikabaki humo kumshikia taa. Daktari Ginem hana haraka hata siku moja. Alifungua nepi, akaitazama kwa muda mrefu. Choo kilikuwa cheupe kama tofu.

"Njia ya nyongo imeziba," akasema. "Hakuna dawa ya kuizibua. Anahitaji kupasuliwa hospitali kuu, Semarang, kabla hajafikisha siku sitini. Tukichelewa, ini litakufa, naye atalifuata."

Yekti akaanza kulia bila sauti.

"Bima?" daktari akaniuliza.

"Hana." Nikamgeukia Yekti. "Kadi ya familia iko wapi, mdogo wangu? Tumwandikishe leo hii."

Yekti akamtazama mama yake. Hapo ndipo nilipojua kilichofichwa kiunoni.

"Siitoi," Bibi akasema. "Siku ya thelathini na tano tunamnyoa, tunapika uji, majirani wanakuja, anapewa jina jepesi. Hapo mtamwandikisha. Mambo yana siku zake."

"Siku ya thelathini na tano mlango wa mtoto mchanga utakuwa umefungwa!" Damu ilinipanda. "Bibi, unataka kumzika mjukuu wako kwa ajili ya uji?"

Mpaka leo naona aibu.

"Rus," daktari akasema, "hebu tuletee chai."

Maana yake funga mdomo, nami nilimwelewa. Niliporudi na sinia, daktari alikuwa ameacha kiti chake, amekaa kwenye kigoda karibu na magoti ya Bibi.

"Mimi nilipozaliwa, Bibi, niliitwa Dewi Kencana Rukmi Hapsari."

Nusura niangushe chai. Miaka yote hiyo nilijiuliza imekuwaje daktari bingwa akawa na jina la mpanda mpunga.

"Nikaumwa kifua. Bibi yangu akasema jina limenielemea. Akapika uji, mwekundu na mweupe, akaita majirani, nikawa Ginem."

"Na ukapona!" Bibi akanyanyua kidole.

"Nikapona. Lakini hakungoja uji upoe. Siku ileile alinifunga mgongoni, akatembea mpaka kwa daktari, mjini Temanggung. Nilipokua nikamuuliza, ni kipi kiliniponya? Akasema, 'Mimi sijui, mjukuu wangu. Sikutaka kuchagua.'"

Bibi Satinem alikunywa chai yake taratibu. Kisha akasema, "Lakini mkimwandikisha leo mtaandika jina lile. Likishaingia serikalini halitoki."

Daktari akanitazama. Hapo palikuwa pangu.

"Kwenye bima mtoto mchanga halazimiki kuwa na jina, Bibi," nikasema. "Anaandikwa 'Mtoto wa Bi Yekti', basi, mpaka mkubaliane."

"Bila jina kabisa?"

"Hata herufi moja."

"Sasa mbona hukusema tangu mwanzo, wewe?"

Nilikuwa nashughulika na kushinda.

Akafungua mkunjo wa kitambaa kiunoni, akatoa kadi iliyokunjwa mara nne, bado ina joto la mwili wake. Alasiri ile Mtoto wa Bi Yekti akawa mwanachama. Siku ya arobaini na moja akapasuliwa. Daktari Ginem alituambia wazi kwamba upasuaji huo hauwafai wote. Jibu lingetoka kwenye nepi: choo kikipata rangi, nyongo imepita. Basi kila simu ilipolia pale mezani, niliinyakua kabla haijalia mara ya pili.

Wiki nne baadaye Bibi Satinem aliingia akiruka foleni yote, na kifurushi cha jani la mgomba, Yekti na mtoto nyuma yake. Nikadhani ni chakula. Akakifungua juu ya fomu zangu: nepi, na ndani yake choo cha kijani, rangi ya majani ya muhogo yaliyopikwa.

"Tazama!" akasema. "Tazama rangi hiyo!"

Nikalia, mtu mzima mimi, mbele ya foleni nzima.

"Bibi, nisamehe. Yale maneno ya uji..."

"Uji haukupikwa. Siku yake ilitukuta hospitali." Akampokea mtoto kutoka kwa Yekti. "Haya, andika jina."

"Jipya ni lipi?"

"La baba yake. Lote."

Yekti akamgeukia kwa mshangao.

"Tumbo limebeba kisu," Bibi akasema, "litashindwa na maneno manne?"

Nikaliandika, likavuka mstari. Kisha nikamweka Satria Mahkota Jagad Wisesa kwenye mizani, naye akapiga mateke.

"Kilo nne na robo."

"Pamoja na jina?" Bibi akauliza.

"Pamoja na jina, Bibi."