Nadhiri ya Wawili

Mwanangu Hamda aliweka nadhiri mbele za watu, ukingoni mwa bonde la wadi, huku kamshika Radhia mkono. Nilikuwepo, nilimsikia kwa masikio yangu. Alisema, "Ya Rabbi, wakirudi hawa wawili salama, mbuzi nitachinja na maulidi nitasomesha mlangoni kwangu."

Akarudi mmoja.

Wawili hao walikuwa Nadhir, mjukuu wangu, mtoto wa Hamda, na Marhun, mtoto wa jirani yetu Radhia. Sisi tulitoka Unguja, Radhia kaja na mumewe kutoka Kigoma, na sote tuliingia Omani mwanzoni mwa miaka ya sabini tukakaa hapa Ibra, nyumba na nyumba, ukuta mmoja. Baina ya ua wetu na ua wao tulitoboa mlango mdogo, ili mtu akipungukiwa na chumvi asilazimike kuvaa buibui kwa ajili ya chumvi. Hamda akimcheka Radhia kwa Kiswahili chake cha bara. Radhia naye akimwambia, "Nyie wa Unguja maneno mnayajua, ugali hamjui kuusonga." Watoto wao walikua pamoja kama pacha, wakapata kazi mwaka mmoja, wakanunua pikapu moja kwa shirika.

Siku hiyo walikwenda Samad kuchukua majani ya mbuzi. Jua linawaka, mbinguni hapana hata kipande cha wingu. Kurudi wakakuta wadi, lile bonde ambalo mwaka mzima ni kokoto tupu, lina maji ya kufika kifundo cha mguu. Wazee wenyeji wamesimamisha magari yao ukingoni, wanangoja. Wanangoja nini na jua lote lile? Watoto wetu wakapita. Sisi tumezoea mvua inayokunyeshea mwenyewe kichwani. Ukiwa mkavu, basi mvua hapana. Maji ya huku yananyesha kwenye jabali usiloliona, kisha yanakufuata ulipo. Wazee waliwapigia kelele. Marhun akawapungia mkono. Hazikupita dakika, maji yakashuka yakaibeba pikapu, nasi tukaitwa mbio ukingoni, ndipo Hamda alipoweka ile nadhiri.

Na mkitaka kustaajabu, staajabuni kwa hili. Nadhir hajui kuogelea. Marhun kazaliwa huko Kigoma, ziwani, mama yake akisema aliogelea kabla hajaota meno yote. Aliyetoka ni Nadhir. Shati lake lilinasa kwenye mkunazi, akakutwa kabla ya magharibi kaukumbatia mti, miba imemchoma mpaka kwenye mashavu. Marhun alipatikana kesho yake, mbali sana, chini ya matope.

Ibra nzima ikasema muujiza. Wanawake wakija, huingia kwanza kwa Radhia kutoa mkono wa taazia, nyuso wameziinamisha, halafu huja kwetu, wakafuta machozi, wakacheka. Fawziya, binti wa ami yake Hamda, ndiye aliyekuwa akisema kuliko wote.

"Dua ya mama hiyo, Hamda! Dua yako imepasua mbingu!"

"Alhamdulillahi," Hamda akijibu, "dua yangu haikuanguka chini."

Mtu aliyerudishiwa mtoto ana ulevi wake, sikumlaumu. Lakini ule mlango mdogo ulikuwa wazi, na sauti ya Fawziya ukiipeleka sokoni haihitaji gari. Matanga yalipokwisha tukakuta mlango umefungwa kwa upande wao.

Baada ya hapo ulevi ukamtoka Hamda, ikamwingia hofu. Nadhir akienda kazini, humfuata mpaka barabarani. Akichelewa kidogo, chakula hakimshuki. Mtoto mwenyewe alikuwa hasemi, kipande cha njia kinachopita mbele ya mlango wa Radhia hakipiti tena, anazunguka kwa nyuma kwenye mitende.

"Nadhiri ni deni, mama," Hamda akaniambia. "Nisipolitimiza nitanyang'anywa."

"Na ukisomesha maulidi, tari zikalia, ukuta huu una unene gani?"

Akalia. Nikamwacha alie, kisha nikamwambia twende kwa Maalim Azzan, kwani mambo ya nadhiri yana wenyewe.

Maalim Azzan alikuwa mtu mkavu, hana maneno ya kupaka mafuta. Akamwambia, "Nitajie maneno yenyewe uliyosema." Hamda akayataja.

"Ulishartisha wawili. Amerudi mmoja. Nadhiri haijakupasa."

Nilidhani Hamda atapumua. Badala yake akauliza, "Maalim, huyu aliyerudi, si Mungu aliyemrudisha?"

"Ni Mungu."

"Na yule mwengine?"

"Na yule ni Mungu vilevile," akasema. "Siwezi kukwambia mmoja ni wake na mwengine si wake, ili upate usingizi. Ukitaka kushukuru, shukuru, shukrani haina sharti. Zaidi ya hapo mimi sijui. Na akija mtu kukwambia anajua, mlete, nami nimsikie."

Tukarudi. Njiani Hamda akasema atachinja hata kama haijampasa, maana moyo hautulii. Nikamwambia, "Basi kamuulize Radhia kwanza."

"Nikamuulize nini, mama? Nikamuombe ruhusa nimshukuru Mungu wangu?"

"Ndiyo. Hiyo hiyo."

Tukazungukia njia kuu, tukabisha hodi kwa mlango wa mbele kama wageni. Radhia alikuwa ukumbini anachagua mchele kwenye ungo. Akaniamkia, "Shikamoo, Bi Khole." Nikamwitikia. Radhia hakumtazama Hamda. Tukakaa juu ya mkeka.

"Radhia," Hamda akaanza, "nataka kuchinja."

"Chinja. Mbuzi si wako?"

"Nilitaka ujue kutoka kwangu, si kwa watu."

Radhia akaendelea kuchagua. Chuya anaweka huku, mchele huku.

"Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wako," akasema. "Ulimwahidi kwa wawili. Sasa unamlipa mbuzi mzima kwa kazi nusu?"

"Astaghfirullah, Radhia!"

"Usinistaghfirie. Nakuuliza. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Wewe uliomba kwa sauti, mie kimoyomoyo, nilikuwa sina sauti. Ikiwa dua yako ndiyo iliyomtoa Nadhir, yangu ilikuwa na kasoro gani? Nilikosea neno? Udhu haukutimia? Fawziya anasema yako imepasua mbingu. Yangu iligonga dari?"

Hamda akauchezea ukingo wa mkeka.

"Mkiniambia shati lilinasa, nitaelewa," Radhia akasema. "Shati hunasa. Mkiniambia bahati, bahati nayo naiweza. Lakini mkikaa nyuma ya ukuta wangu mkasema Mungu alitazama akachagua, mnaniambia wangu alimtazama akamwacha. Na Marhun..."

Hakulimaliza. Akaupepeta ungo mara moja, ukasikika mchele tu.

Mie si mtu wa kuhutubia. Nilimwambia nililokuwa nalo. "Radhia, mimi nilizika wawili kwa surua kabla ya kumpata huyu Hamda. Mwezi huo huo watoto wa jirani wote walipona, na mama yao hata swala alikuwa hajui. Sikuambiwa kwa nini, mpaka leo."

Ndipo akaniinulia uso. "Na uliendelea kusali, Bi Khole?"

"Niliendelea. Siku nyengine nilisali kwa hasira."

"Inakubaliwa hiyo?"

"Sijui. Nilikuwa sina nyengine."

Akatoa sauti, kicheko si kicheko. Hamda akajisogeza karibu yake, akaanza kuchagua mchele naye kwenye ungo ule ule.

"Naogopa, Radhia," akasema. "Naogopa nisipochinja, maji yatamrudia. Kila akitoka mlangoni naona maji."

Radhia akamtazama kwa mara ya kwanza tangu tuingie. "Kumbe hushukuru. Unaogopa."

"Vyote viwili."

"Hilo ungesema tangu mwanzo, shoga. Mwenye hofu naweza kukaa naye ukuta mmoja. Mwenye dua ya kupasua mbingu ananishinda." Akarudi kwenye mchele. "Chinja. Maulidi acha."

"Nimeacha. Na fungu lako?"

"Nyama ya nadhiri yako siitaki nyumbani kwangu."

"Maalim kasema si nadhiri, haijapasa."

"Basi ni nini?"

Hamda akafikiri. "Ni mbuzi."

Hapo Radhia akacheka kweli, akajifunika mdomo kwa kanga kama aliyefanya kosa, halafu machozi yakamtoka mengi sana, na Hamda akamshika. Mimi nikausogeza ungo usije ukapinduka.

Mbuzi akachinjwa Alkhamisi asubuhi. Hapakupikwa pilau wala hapakualikwa mtu. Tuliazimia kuigawa nyama mbichi, na mafungu makubwa yaende kwa Mabedui wa kule chini, ambao wadi iliwabebea vibanda vyao na wanyama wao, na hakuna mtu mjini aliyekwenda kuwapa mkono wowote. Hata mimi sikuwa nimewafikiria mpaka Hamda alipowataja.

Tulikuwa uani, Hamda anahangaika na kisu, Radhia akaingia kwa mlango wa mbele. Kavaa buibui lake, mkononi kashika kisu chake mwenyewe kakifunga kitambaa.

"Namna hiyo utakata mpaka magharibi," akamwambia Hamda. "Watu wa Unguja, mbuzi mnamwogopa hata akishakufa. Nipishe." Akakaa, akakunja mikono ya kanzu. Kisha akasema, polepole, "Hamda, nimekuja kukata nyama. Sikuja kushukuru."

"Kata," Hamda akasema.

Wakakata. Radhia anajua maungo ya mbuzi, kisu chake hakigongi mfupa, mafungu yakawa yanapangika juu ya jamvi la majani ya mtende. Walikuwa hawasemi ila "nipe huo" na "weka huku". Nilikuwa napuliza moto wa kahawa nikisema kimoyomoyo, Mola, asije mtu.

Akaja Fawziya. Kasimama kizingitini, kasikia harufu ya damu, akapiga makofi.

"Mashallah! Ndiyo hivyo Hamda, umejibiwa dua yako, uitimize nadhiri! Wengine dua zao..." Ndipo akamwona Radhia. Akalimeza lililobaki, lakini lilikwisha toka zaidi ya nusu.

Kisu cha Radhia kikasimama.

"Fawziya," Hamda akasema, bila ya kupandisha sauti, "Radhia aliomba siku ile kama nilivyoomba mimi. Pahala pamoja, Mungu mmoja."

"Naam, lakini..."

"Lakini hapana. Mwanangu alinasa mtini akabaki. Nashukuru, nitashukuru mpaka kufa kwangu. Kwa nini yeye, sijui. Wewe unajua?"

Fawziya akautazama mlango.

"Hujui," Hamda akasema. "Basi chukua fungu lako, na usiniambie tena habari za dua yangu."

Fawziya akachukua, akanong'ona "la haula", akaondoka. Radhia hakumsifu Hamda wala hakumtazama. Kisu chake kikaanza tena.

"Paja hili la nani?" akauliza.

"La wale wa kule chini, wenye mtoto mchanga."

"Liongeze mafuta basi. Mama anayenyonyesha utampa mnofu mkavu?"

Yalipokwisha mafungu yakabaki kubebwa. Nadhir alikuwa nyuma ya pazia la chumba chake tangu asubuhi, tunajua sote kuwa yupo, na sote tunajifanya hatujui. Tangu mazishi alikuwa hajaonana na Radhia uso kwa uso. Hamda akaniangalia mimi, mimi nikaangalia birika langu.

Radhia akanawa mikono, akaifuta, akalinyanyua lile fungu kubwa la paja kwa mikono miwili.

"Nadhir," akaita.

Pazia halikutikisika.

"Nadhir, mwanangu, nyama hii nzito. Njoo uichukue, mikono yangu imechoka."

Akatoka. Makovu ya miba bado yako mashavuni. Akapita ua wote kainamisha kichwa, akasimama mbele yake, akainyoosha mikono, naye Radhia akampa.