Mkae Juu, Jamani

Mimi kutulia sehemu moja sijui. Hata kanisani, padre akirefusha mahubiri, nainuka kwenda kuangalia kama nimefunga gari. Kwa hiyo Jumamosi ile, kwenye uwanja wa mbio za magari wa mzee Peterson, karibu na kwetu Woodbridge, benchi sikuligusa kabisa.

Mume wangu, Respicius, ni mtu wa kimya. Wiki nzima anaendesha gari la kupeleka wagonjwa kliniki. Jioni anarudi, anakula, "Asante, Mama Audrey," basi. Ungedhani nimeolewa na kabati. Lakini Jumamosi, akishatoka kushindana na kile kigari chake chekundu kilichobondekabondeka, loo! Njia nzima ananisimulia. Kona ilivyokuwa, yule wa mbele alivyombana, yeye alivyompita kwa ndani. Anacheka, anaachia usukani ili anionyeshe kwa mikono, mpaka nampigia kelele. Huyo ndiye niliyempenda Bukoba, na huku Marekani nampata Jumamosi tu.

Sasa mzee Peterson alikuwa anataka kuuza uwanja. Aliujenga baba yake, na zamani, anasema, watu walipanda hadi juu ya malori wapate kuona. Mwaka huo wa 2007 jukwaani walikuwa wamebaki wazee wachache wenye blanketi magotini. Wengine wote wako nyumbani, wanaangalia mbio kubwa kwenye televisheni. Na kampuni ya kujenga nyumba ilikuwa inamsubiri. Akawaambia madereva: siku ya mwisho ya msimu nitasimama kibandani kwangu, pale juu. Nikiona jukwaa limejaa hata nusu, mwakani nafungua. Nikiona mbao tupu, nauza.

Respicius aliniletea habari hiyo kwa sentensi moja, akaenda kulala. Nikaona kabati linahamia Jumamosi pia. Nikasema haiwezekani, labda nife.

Nikashika simu. Niliwapigia Watanzania wa Hyattsville na wa Germantown, Wakenya wa kanisa la rafiki yangu Wamaitha, na wale dada wa Kikongo ninaofanya nao kazi nyumba ya wazee. Wamaitha akaja tukapika pilau kwenye lile sufuria langu kubwa la harusi.

Na walikuja! Tena walikuja mapema, jambo ambalo hata kwenye harusi hawalifanyi. Shida ni kwamba wote walipitia lango la madereva. "Sisi ndugu zake Respicius," wanamwambia mlinzi, mpaka mlinzi akachoka kuuliza huyu mtu ana ndugu wangapi. Wakajazana kule chini magari yanakotengenezwa, wakalizunguka gari lake, wanamsalimia, wanapiga picha na boneti. Juu, jukwaa jeupe. Na mzee Peterson yuko kibandani, anaziangalia mbao zake.

"Jamani, mkae juu!" nikapiga kelele.

"Vipi, Mama Audrey?" Cosmas, katibu wa chama chetu, alinishangaa. "Mwenyeji yuko chini, halafu sisi tukakae kule juu kama tumegombana naye?"

Nikaeleza, nikabembeleza, nikakaribia kulia. Wanaitikia "sawa, sawa," na hakuna anayeinua mguu. Wamaitha akanivuta mkono.

"Aki wewe, wachana na maneno. Shika upande huo."

Tukalibeba sufuria, mimi huku, yeye kule, tukaanza kupanda ngazi za jukwaa tunahema. Sikuhitaji kuita mtu tena. Pilau lilipopanda, watu walipanda.

Jukwaa likajaa zaidi ya nusu. Wale wazee wa blanketi nao wakapewa sahani, wakasogea wakaanza kuulizana majina na wageni. Nilimwona mzee Peterson ametoka kibandani, ameishika kofia mkononi. Nilikuwa napanda na kushuka zile ngazi kama niliyepandwa na mashetani, nikimwambia kila mtu akae, akae vizuri, aonekane.

Mbio zikaanza. Respicius akawa wa sita, akawa wa tano. Vigelegele! Akamfukuza mmoja mwenye gari la bluu, wakaingia kona ya pili pamoja, na hapo kigari chekundu kikatoa moshi, kikaserereka, kikaenda kugonga ukuta wa matairi. Lakini mlango ukafunguka, akatoka mwenyewe, akapunga mkono. Mungu mkubwa.

Nilipogeuka, jukwaa zima limesimama.

"Mnakwenda wapi?"

"Kumpa pole," wakasema.

"Si mzima? Si mmemwona? Kaeni, nawaomba!"

Cosmas alinitazama kwa huzuni kabisa. "Mtu kapata ajali mbele ya macho yetu, sisi tukae tunatafuna? Na wewe mkewe ndiye unayesema?"

Na mimi nimelelewa hivyohivyo. Wakashuka wote, sahani mkononi, na magari mengine yakaendelea kuzunguka bila wa kuyatazama isipokuwa wale wazee.

Nikakimbilia kibandani. "Watarudi," nikamwambia mzee Peterson. "Wamekwenda kumpa pole tu."

Alikuwa anawaangalia kule chini. "Nimeona magari mengi yakiharibika hapa," akasema. "Sijawahi kuona watu wakishuka. Wewe mama una watu wazuri. Lakini wamemfuata mumeo, hawakufuata mbio. Nauza. Wenzake nitawaambia zikiisha. Yeye mwambie wewe."

Nilitaka kubishana, nami ni hodari wa kubishana. Lakini nikashuka.

Kule chini Respicius alikuwa amezungukwa na watu, anasimulia! Gia ilivyokataa, usukani ulivyokuwa mzito. Watu wanaguna, wanacheka, wanamtaka arudie. Nikamharakisha tulipakie gari lake kwenye trela, tuondoke kabla mbio hazijaisha.

Barabara ya tisini na tano ilikuwa na foleni kama kawaida, na mume wangu hakunyamaza. Mwakani ataweka gia nyingine. Mwakani ile kona ataiingilia kwa nje. Mimi nafungua dirisha, nalifunga, nalifungua.

"Nilikuona kibandani," akasema. "Mzee kasemaje?"

Nikatazama taa nyekundu za magari ya mbele.

"Malizia kwanza ile kona," nikamwambia. "Yule wa bluu alikubana vipi?"

Akaachia usukani, akainua mikono yote miwili anionyeshe. Safari hii sikumpigia kelele.