Tume ya Kukagua Kama Mguu Umechipua

Kila Oktoba tume ya wilaya ilipanda milima ya Naryn kumkagua Turdakun, aliyeacha mguu wake wa kulia kwenye bomu la kutegwa huko Afghanistan, ili ihakikishe kwamba mguu haujarudi. Bila mhuri wa tume, hapana makaa ya mawe ya serikali. Na baridi ya huko si mchezo: jogoo huanza kuwika Januari akamalizia Machi.

Safari hii daktari wa tume, Omurzak, bwana mwenye kitambi na kofia ya manyoya ya mbweha, alikizunguka kile kisiki cha mguu kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Vipi, shujaa? Hakuna mabadiliko?"

"Mabadiliko gani?" alidakia Burulcha, mke wa Turdakun. "Unadhani ni kitunguu?"

"Shemeji, sheria ni sheria. Tule kwanza, mhuri baadaye."

Burulcha alimeza hasira. Kondoo wao wa mwisho alikwisha kuchinjwa, maana mgeni halali njaa hata akiwa mshenzi. Huko nyama hugawiwa kwa cheo, kila mtu na mfupa wake, na paja ni la mgeni mkubwa. Omurzak akakunja mikono ya shati, akangoja. Sinia likaja. Burulcha akamwekea shingo.

Afadhali angemtemea mate.

"Paja liko wapi?"

"Halijachipua. Njoo mwakani ulikague."

Turdakun aliangua kicheko hadi gongo lake la kutembelea likamponyoka. Omurzak hakucheka. Akafunga begi, mhuri ndani, huyoo garini.

"Mwombe radhi, mke wangu," Turdakun akanong'ona, kicheko kimemkauka. "Makaa, Burulcha!"

"Radhi? Miaka yote hii unavuliwa suruali mbele ya watu, halafu radhi niombe mimi?"

Akaliopoa paja chunguni, likifuka mvuke, akatoka nalo mbio na kulitupa dirishani mwa gari. Likamtua Omurzak magotini.

"Haya! Sasa una miguu mitatu. Mume wangu anao mmoja!"

Makaa hayakuja. Walichoma uzio, wakachoma benchi, na Februari Burulcha akautia motoni mguu wa mti ambao serikali ilimletea mumewe: wa kushoto, ilhali aliokosa ni wa kulia.

"Tume ikiuulizia?" Turdakun aliuliza, akisogeza viganja.

"Waambie ulichipua, tukaukata kuni."