Shavu la Bibi Eulalia

Bibi Eulalia, mwamuzi wetu, alikuwa akiichukua tortila ya katikati ya kapu, chapati nyembamba ya mahindi, si ya juu wala ya chini, akaibandika kwenye shavu lake la kushoto na kufumba macho. Hapo soko zima lilinyamaza, hata wauza kuku. Akifumbua macho na kutikisa kichwa, basi hata kama umewaacha wenzako nusu kilomita nyuma, unalifunga kapu lako na kwenda kununua maji ya ukwaju kama mtazamaji mwingine yeyote. Akitabasamu, umeshinda.

Hizo ndizo zilizokuwa mbio zetu. Kilomita tano, kutoka kanisa la kijiji chetu cha Santa Rita mpaka kwenye tao la mawe la lango la soko la mjini, kila mwanamke na kilo tano za tortila mgongoni, kapu limefungwa kwa mtandio. Tortila umezipika mwenyewe asubuhi hiyo, kwa mahindi uliyoyachemsha na chokaa jana yake. Barabara ni ileile tunayoipita kila siku kwenda kuuza, na mbwa ni walewale. Tofauti ni kwamba siku moja kwa mwaka, mwezi wa nane, watu hutupigia makofi kwa jambo ambalo siku nyingine hutupigia honi.

Na mshindi alipata tao. Mwaka mzima anakaa chini yake akiuza, jua halimchomi, mvua haimlowanishi, na hakuna anayeingia sokoni bila kumpita na kumpa habari za mjini. Mwaka jana nilifika wa tano. Wanne walionitangulia walikuwa na miguu, lakini tortila zao zilikuwa zimepoa. Mimi, Otilia Xicale, miaka hamsini na mbili, magoti yanayolia kama mlango wa zizi, nilikaa chini ya tao miezi kumi na miwili, na sitawadanganya, niliyajua mambo ya watu mpaka wenyewe wakawa wananiuliza.

Mwezi wa saba tukaitwa uwanja wa shule. Mkurugenzi wa michezo wa halmashauri, Arizmendi, kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka linaogopa kukunjika, alituambia kwamba mbio zimepata mfadhili. Kampuni ya unga. Mwaka huu, alisema, kila mshiriki atakabidhiwa kapu lililojazwa tayari tortila za mashine, zimepimwa, zimefungwa kwenye mifuko ya nailoni, na kapu limepigwa lakiri. Anayefika kwanza ndiye mshindi.

"Na joto?" niliuliza.

"Joto gani, mama?"

"La tortila. Utajuaje kama ni za moto?"

Alitabasamu kama mtu aliyeulizwa na mtoto. "Zitakuwa za jana yake, mama. Zote baridi. Hapo ndipo penye usawa. Na kusema kweli, shavu la mtu si kipimo."

"Kwani shavu la Bibi Eulalia limeharibika lini?" aliuliza Benigna, jirani yangu, aliyemsimamia mwanangu wa kwanza ubatizo na ambaye ulimi wake haujawahi kulala njaa. Wanawake wakacheka. Arizmendi naye akacheka, akafunga kitabu chake, na kikao kikawa kimekwisha.

Nilirudi nyumbani nikiwa nachemka. Kufika saa kumi jikoni kwangu kulikuwa na wanawake kumi na mmoja, na wawili wamekalia magunia ya mahindi. Nilisema yote. Nilisema tangu lini mtu akashindana kubeba chakula alichokipika mwingine. Nilisema hizo si tortila, ni karatasi zenye chumvi. Nilisema tususe, barabara ibaki na mbwa peke yao. Waliitikia kwa vichwa, walikunywa kahawa yangu, walilaani pamoja nami. Kisha mmoja akakumbuka ana nguo kambani, mwingine ana mgonjwa, na nikabaki na Benigna.

"Nikuulize kitu, shoga, usinipige," alisema. "Unalilia desturi, au unalilia tao?"

"Ndivyo unavyonijua?"

"Ndivyo wanavyosema huko nje. Otilia hana mbio, ana vitambaa vya kutunza joto. Ukiondoa joto, hana chake."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nitakimbia. Nami nalitaka hilo tao." Akaosha kikombe chake, jambo ambalo hakulifanya hata siku moja nyumbani kwangu, akaenda zake.

Neno lile lilinikaa kooni kama mfupa wa samaki. Kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu lilikuwa nusu tu ya kweli. Nusu nyingine sikuwa na maneno yake. Nilijua tu kwamba bibi yangu alinifundisha kukunja kitambaa kabla hajanifundisha kusali: cha pamba ndani, cha sufu nje, pembe nne ziingie chini, na kamwe usifungue njiani, hata akikuomba padri. Sasa mtu mwenye kitabu anakuja kuniambia kwamba hicho hakihesabiki kwa kuwa hana mashine ya kukihesabia.

Nikaisoma karatasi ya sheria. Niliisoma mara tatu, kama barua ya mume aliye ugenini. Kifungu cha nne kilisema: mshiriki atabeba uzito usiopungua kilo tano. Usiopungua. Hakuna aliyekataza kuzidi.

Jumapili ya mbio niliamka saa kumi alfajiri. Kufika saa mbili na nusu nilikuwa na kilo tano zangu, zimekunjwa kwenye vitambaa vya bibi yangu. Kanisani nikapokea kapu lao la lakiri, nikalifunga mgongoni. Kisha nikachukua mtandio wa pili, nikazifunga zangu kifuani, kama mama wa mapacha.

Arizmendi alikuja mbio. "Mama, hicho ni nini?"

"Kilo tano nyingine."

"Hairuhusiwi."

"Kifungu cha nne, mwanangu. Usiopungua. Ulikiandika wewe, au kiliandikwa na shati lako?"

Wanawake waliangua kicheko, na huyo ndiye adui wangu wa kweli, kicheko cha watu. Nikikipata huwa nataka kingine. Arizmendi akasema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba hata hivyo zitakuwa zimepoa kama zile nyingine, kwa hiyo ninajitesa bure. Nami, mbele ya Santa Rita nzima, nikakifungua kitambaa. Nikazikunjua pembe zote nne. Mvuke ukapanda mbele ya uso wake, miwani yake ikaingia ukungu, watu wakapiga vigelegele, na mimi nikasimama pale nikiwa nimezishika wazi, nazunguka nazo huku na huku kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga, mpaka nilipoyaona macho ya Benigna. Hakuwa akicheka. Alikuwa akivitazama vitambaa.

Nilifunga haraka, nikiwa nimeshachelewa. Kisha zikaja hotuba. Mwakilishi wa halmashauri alihutubia, mtu wa kampuni akahutubia, halafu wakatuhutubia kuhusu hotuba. Tulipaswa kuondoka saa tatu. Tuliondoka saa nne.

Filimbi ilipolia walinipita wote, na mbele kabisa msichana mmoja mrefu, Yaretzi, aliyeletwa kutoka timu ya riadha ya mji mkuu wa jimbo. Alikuwa na raba zenye rangi ya embe na kapu lake lilimkaa mgongoni kana kwamba limejaa manyoya. Sikumchukia. Nilitaka sana kumchukia, lakini alikimbia vizuri mno.

Kilomita ya kwanza nilikwenda kwa hasira, na hasira ni kuni nzuri, hushika upesi. Kilomita ya pili ikawa majivu. Kilo tano mgongoni tumezizoea tangu utotoni, mgongo huzifahamu kama unavyoifahamu njia. Lakini kilo tano kifuani hukunyima pumzi, na mbele huoni kitu isipokuwa anga. Kwenye daraja la mfereji magoti yalianza mazungumzo yao. Kwenye mteremko wa kiwanda cha matofali vijana wa juu ya lori waliniuliza kama nimehama nyumba.

"Nimehama," niliwajibu. "Natafuta penye wanaume."

Walipita wakicheka, na nilipobaki peke yangu barabarani nilisikia jambo ambalo sikulitaka. Kifuani hapakuwa na moto tena. Palikuwa na uvuguvugu, na sikujua ni wa tortila au ni wangu.

Nilifika dakika hamsini baada ya filimbi, wa tatu kutoka mwisho. Yaretzi alikuwa ameshapigwa picha. Benigna alikuwa wa nane, ameketi ukingoni mwa barabara, viatu mkononi. Alinionyesha tao kwa kidevu.

Chini ya tao, mahali pangu pa mwaka mzima, palikuwa na meza yenye kitambaa cha manjano. Juu yake pakiti za tortila za mashine, na kijana mwenye kofia ya manjano akigawa vipande vya kuonja. Juu ya kichwa chake bango la kampuni.

"Mshindi amewaachia kampuni," alisema Benigna. "Wamemsainisha karatasi hata jasho halijakauka. Lakini itazame hiyo misumari ya bango, shoga. Mwenye bucha anasema ilipigwa jana."

Niliitazama. Misumari minne ya chuma, vichwa vikubwa, imepenya kwenye jiwe ambalo bibi yangu aliliegemea enzi zake. Sasa ndipo nilipoielewa nusu yangu ya pili iliyokosa maneno. Walijua tangu mwezi wa saba kwamba joto likibaki, atashinda mmoja wetu, na mmoja wetu angelikalia lile tao. Halikuwa shavu lililowakera. Na sisi tukawakimbilia kilomita tano, tumebeba bidhaa zao migongoni, tukazipeleka dukani kwao bila hata nauli.

Sikwenda kwenye mizani yao ya kupimia makapu. Kapu la lakiri nililiweka chini pale penye vumbi. Bibi Eulalia alikuwa ameketi kwenye kiti chake kando ya ukuta, mahali pake pa miaka yote, ingawa hakuna aliyemwalika. Nikapiga magoti mbele yake, nikafungua kitambaa. Watu walianza kusogea. Akachukua ya katikati, akaibandika shavuni, akafumba macho, na soko likanyamaza kama zamani.

Niseme wazi nilichotaka. Nilitaka atabasamu. Nilikuwa nimebeba kilo kumi, nina haki, nina mashahidi, na mbele ya meza ile tabasamu moja tu la mwanamke wa miaka themanini na saba lingekuwa kofi la mwaka. Naye alilijua hilo. Alifumbua macho.

"Imepoa, binti yangu," alisema. "Uliifungua."

"Niliifungua, bibi."

"Mbele za watu."

"Ndiyo, bibi."

Alinirudishia. Nilihisi uso ukiniwaka, lakini haikuwa ile hasira ya jikoni. Shavu lile halikununulika hata kwa huruma, hata kwangu. Hicho ndicho walichokipigilia misumari wakakiita si kipimo.

Kivuli kiliniangukia. Alikuwa Yaretzi, ameshika maua na raba mpya ndani ya sanduku.

"Mama, samahani. Waliniambia nisaini kwamba sihitaji kukaa pale. Na kweli sihitaji, mimi nasoma. Sikujua kama kuna anayehitaji."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza." Akainama, akachukua tortila yangu moja, akaiweka shavuni kama alivyomwona bibi. "Mbona mimi naisikia bado ya moto?"

"Shavu lako halijafunzwa," alisema Bibi Eulalia, na akamwambia aketi.

Jumatatu nilichelewa kuamka, na mwili wote ulikuwa ukinidai. Hata hivyo nilipika. Nilikunja kitambaa cha pamba, nikakunja cha sufu, pembe nne chini, nikafunga kapu moja mgongoni. Penye kanisa hapakuwa na filimbi wala bendera, kulikuwa na bata mzinga wa padri tu. Nikaanza kukimbia.

Benigna, aliyekuwa ametangulia kwa mwendo wake wa kawaida, alinisikia nikija nyuma yake darajani. "Nani anakufukuza?"

"Hizi, zisipoe."

Alinitazama mgongoni. Nilipita. Baada ya hatua ishirini nilisikia makubazi yake yakianza kupiga lami, na akinitukana kwa pumzi zilizokatika, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba nilijisikia nina mtu.

Kijana wa manjano alikuwa chini ya tao, kivulini. Niliweka kapu langu hatua tatu mbele yake, juani, njia ya watu. Aliniambia hapo haparuhusiwi. Nikamuuliza ni kifungu cha ngapi.

Bibi Eulalia alikuja na fimbo yake kununua tortila zake sita, kama asubuhi zote. Nilifungua pembe moja tu. Akachukua ya katikati, akaibandika kwenye shavu la kushoto, akafumba macho. Nyuma yake watu walianza kupanga foleni, mmoja, wanne, tisa. Kijana wa manjano akaacha kupanga pakiti zake, akatazama. Bibi hakufumbua macho. Wala hakuna aliyemharakisha.