Ndizi Zilizopitia Kwenye Simu

Asubuhi moja mwaka 1994, Dakta Chepkosgei aliweka simu nyeusi mezani katika kituo cha kununulia majani ya chai, nje kidogo ya Bomet. Simu hiyo haikuwa na waya. Chepkosgei alikuwa mhadhiri wa saikolojia, na alitaka kujua kwa nini mtu akiongea kwa simu hutikisa kichwa na kurusha mikono, ilhali anayemsikiliza hamwoni. Wenzake idarani walimwambia simu ni kazi ya mafundi. Ni Omariba tu, mhadhiri wa uhandisi, aliyekubali kushirikiana naye.

"Mama, jifanye unampigia mtu wa mbali," Chepkosgei alimwambia Rodah, mkulima aliyekuwa mbele kwenye foleni.

Rodah alitua kikapu, akafuta mikono, akampigia Bonareri, mama yake Mogaka, jirani yake aliyekimbilia Kisii mwaka wa mapigano ya makabila, nyumba yake ilipochomwa.

"Haloo? Mama Mogaka?"

"Mama Kipkurui!" Bonareri akaitika. "Mbona umekaa hivyo bila kunipigia?"

"Si simu imeletwa leo!"

Waliongea juu ya ng'ombe, kwaya na wakwe. Rodah alicheka hadi akaegemea ukuta, huku mkono wake ukipunga hewani, na Chepkosgei akiandika mbio. Bonareri alisema ndizi zake zimeiva. Chane moja ikatokea kwenye matundu ya kusikilizia, imebanwa kidogo ubavuni. Omariba alifungua simu kwa bisibisi, akatoa ganda lililokwama, akafunga.

"Iko sawa," alisema.

Kufikia wiki iliyofuata, foleni ya simu ilikuwa ndefu kuliko ya mizani. Kila mtu alikuwa na jirani wa kumtafuta. Kwaya mbili ziliimba pamoja kupitia mkono mmoja wa simu, na sauti ya nne ikatoka Kisii.

Chepkosgei na Omariba waliandika makala. Wanasaikolojia walisema hayo ni ya uhandisi. Wahandisi wakasema ni ya kilimo. Kwa kuwa makala hayakuwa na pa kwenda, chuo kilianzisha kitengo cha mawasiliano na teknolojia, kikampa Chepkosgei akiongoze. Alicheza pale pale kwenye ujia wa ofisi. Wenzake waliomcheka nao walicheza, kwa sababu alikuwa amewaletea ndizi.

Siku aliyorudi kituoni na habari hiyo, alimkuta chifu amealikwa kwenye simu.

"Chifu," Bonareri aliuliza, "shamba langu nitarudishiwa lini?"

Chifu alitikisa kichwa, akamrudishia Rodah simu, akaenda zake.

"Amesema nini?"

"Hajasema kitu. Ametikisa kichwa tu."

"Haya. Na majani yangu yako aje?"

Rodah alichungulia dirishani, kuelekea shamba la Bonareri. "Ni mazuri. Mvua imeyachipusha sana."

"Nani anachuna?"

"Yule yule aliyelichukua shamba. Yuko hapo saa hii."



"Basi nipikie kikombe cha majani hayo, Mama Kipkurui. Na sukari usijaze."

Chepkosgei aliweka kalamu chini, akawasha jiko. Chai ilipochemka, Rodah aliimimina polepole kwenye mkono wa simu. Wote walimsikia Bonareri akipuliza, akinywa, kisha akicheka kwa furaha.

"Hiyo ni yangu kabisa! Ongeza!"

Wakaongeza. Nje, yule mwanamume alijaza kikapu chake, akakileta kwenye mizani, kikapimwa kwa jina lake mwenyewe.