Kitabu cha Mirihi Kilichowekeshwa

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Karatu iliamka na baridi ya kuuma masikio, na huko juu, ukingoni mwa kreta, ukungu ulikuwa mzito hata gari la mahindi likapanda likiwa limewasha taa. Leonce alikaa karibu na dereva, rozari mfukoni, akiomba jambo moja tu: akipate kitabu.

Leonce ni fundi wa viti vya magari ya watalii. Zamani, mnadani Karatu, alinunua sanduku la vitabu vikuukuu lililotoka shamba moja la kahawa la Oldeani. Vilikuwa hadithi za wasafiri wa sayarini, zenye picha za rangi: Zuhura na misitu yake ya mvuke, Zohali na pete zake, wanyama wa miguu sita. Kiingereza hakukijua, alipenda picha. Tangu hapo akawa anavitafuta vya mfululizo uleule, vya toleo lilelile, na kila alichopata alikiandika jina lake ukurasa wa kwanza. Alipovuka miaka hamsini akajiandikisha masomo ya jioni ya Kiingereza parokiani ili avisome. Sasa kilibaki kimoja, cha Mirihi, ile sayari nyekundu. Alikiombea hata wakati wa Kwaresima, ingawa aliona haya kukitaja mbele ya Mungu.

Kimaren, mlinzi aliyekaa naye dawati moja darasani, ndiye aliyempa habari. "Kiko kwa mama yangu, huko Nainokanoka. Mzungu mmoja mchunguza miamba alimwachia marehemu baba, akasema nitarudi. Hakurudi. Mama atakuuliza kama umetumwa na mwenyewe. Wewe sema ndiyo, yaishe."

Safari nzima Leonce alilibeba lile "ndiyo" ulimini, na halikumezeka.

Bomani, yeye na Kimaren walimkuta mama, Nasieku, pamoja na Seenoi, mke wa Kimaren, na jirani yao mzee Lekoko.

"Shikamoo, yeyo," Leonce akamwamkia Nasieku, akimwita mama kwa Kimaasai.

"Marahaba. Huyu Mmbulu amekuja na baridi yake, au ameikuta ya kwetu?"

Wakacheka, wakampa chai ya maziwa. Kisha Nasieku akaleta furushi la ngozi ya ndama, akalifungua. Jalada jekundu! Kilinuka moshi, lakini hakikuwa na tundu hata moja la mdudu.

"Umetumwa na mwenyewe?" Nasieku akauliza.

Kimaren alitazama makubazi yake. Leonce akaishika rozari.

"Hapana, yeyo. Simjui hata kwa sura. Nimetumwa na tamaa yangu."

"Basi pole na safari." Nasieku akaanza kulifunga furushi. "Ng'ombe aliyewekeshwa hauzwi wala hagawiwi. Hata nyinyi Wambulu mnalijua hilo."

Leonce alilijua. Kwao Endabash, baba yake alifuga ng'ombe wa rafiki mpaka uzeeni: maziwa walikunywa wao, ng'ombe na ndama wakabaki wa mwenyewe.

"Kweli, yeyo. Basi niruhusu nikisome kidogo hapa hapa, kisha niende zangu."

"Kumbe wewe unajua kinasema nini?" Seenoi akasogea. "Sisi tunaangalia picha tu. Huyu anayekimbia kwenye vumbi, tunasema ameibiwa ng'ombe."

Leonce akasoma polepole, kidole mstarini, akigeuza kwa Kiswahili. Naye Kimaren akamgeuzia mzee Lekoko kwa Kimaasai.

"Hajaibiwa. Anatafuta maji. Mito yao imekauka."

"Na ng'ombe wake wako wapi?" Lekoko akauliza.

"Huko hakuna ng'ombe, mzee."

"Hakuna! Sasa maji anamtafutia nani? Arudi kwao!"

Wakacheka tena, lakini hawakumwachia. Alipotaka kufunga, Seenoi akamwambia, "Bado, mtu hajafika majini." Akasoma mpaka ukungu ukainuka na chai ikapoa.

Ndipo Nasieku akasema, "Miaka yote hii tumemtunza ng'ombe huyu bila kumkamua. Mtu akikosa malisho humpeleka ng'ombe wa watu kwa mwingine, mradi wawepo mashahidi, na mwenyewe akija aonyeshwe njia. Wewe unajua kukamua. Mchukue. Si wako. Na maziwa utuletee."

Leonce alifikiria rafu yake, na kalamu aliyokuja nayo mfukoni mwa shati kwa ajili ya ukurasa wa kwanza. Akaichomoa, akampa Seenoi. Akavua kofia, akasimama.

"Mimi Leonce wa Endabash, mbele ya Mungu na mbele yako yeyo, na wewe mzee Lekoko, na Seenoi, na Kimaren: kitabu hiki si changu, na jina langu sitaliandika humu. Mwenyewe akija, au mwanawe, mleteni kwangu atakikuta. Na kila baada ya mavuno nitapanda huku kuwasomea, mpaka yule mtu ayafikie maji."